Selimundu: ugonjwa unaokula siku

Muulize mzazi wa Kayole au Kawangware selimundu inamgharimu nini, na jibu la kwanza litakuwa dawa na kitanda cha hospitali. Mwache afungue kalenda na kukumbuka tarehe, hesabu inageuka. Kuna siku ya kliniki, siku ya kurudi kuchukua majibu kwa sababu mashine ya maabara ilikuwa imekwama, siku nne za wadi katikati ya Julai, wiki nzima ambayo mtoto hakwenda shule na mama hakufungua kibanda. Siku hizo hazina risiti. Ndizo zinazomaliza akiba ya nyumba, na nyingi kati yake zinaweza kuokolewa.

Ugonjwa wenyewe, ambao wengi mtaani wanaujua kwa jina la sikoseli, pia ni wa siku. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye nao huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu hufa baada ya siku 10 hadi 20. Uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, hufanya kazi usiku na mchana kujaza pengo hilo na bado haufikii. Ndiyo sababu mtoto huyu ana upungufu wa damu hata siku anayocheza vizuri uani, na ndiyo sababu macho yake ni ya manjano: chembe zinazovunjika huacha rangi, na ini haliwahi kuiondoa yote. Majirani husema ana ugonjwa wa ini. Sivyo, ingawa rangi hiyo hiyo ikijikusanya kwa miaka huweza kugeuka vijiwe ndani ya kifuko cha nyongo.

Na kwa kuwa tatizo ni chembe kufa mapema, si kukosa madini ya chuma, ile chupa ya "dawa ya kuongeza damu" inayouzwa kwenye kemisti haimsaidii. Anachohitaji ni asidi ya foliki, ambayo uboho huitumia kwa wingi. Dawa yenye chuma ipewe tu ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba chuma kweli kimepungua.

Chanzo cha yote haya ni kosa dogo mno. Jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, iko kwenye kromosomu ya 11 na imebadilika mahali pamoja tu: asidi-amino ya sita katika mnyororo wa beta, ambayo ingekuwa glutamiki, imekuwa valini. Himoglobini inayotokana nayo huitwa S. Ikibeba oksijeni haina neno. Ikishaishusha, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa laini na ya duara hupinda ikafanana na mundu. Chembe laini hujikunja ikapita kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Iliyopinda hukwama, nyingine hukwama nyuma yake, na sehemu iliyo mbele hukosa hewa. Mfupa ukikosa hewa, huuma kiasi cha kumliza mtu mzima. Ubongo ukikosa, ni kiharusi. Mapafu yakikosa, mgonjwa hushindwa kupumua.

Chembe hupinda kwa urahisi zaidi mwili ukikaukiwa maji, ukishikwa na baridi, ukiwa na homa au ukichoka kupita kiasi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na urefu huo peke yake haumzuii mtu kuishi hapa. Kupanda Mlima Kenya ni jambo jingine: kilele cha Lenana kiko mita 4,985, na fomu ya safari ya shule isitiwe sahihi kabla ya kuzungumza na daktari. Kinachosumbua zaidi mjini ni ile baridi ya Juni hadi Agosti. Sweta na soksi zivaliwe kabla ya mtoto kutoka kitandani, maji ya kuoga yawe moto, na akaushwe hapo hapo. Jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa: kaboni monoksidi inayotoka humo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye himoglobini, na mtoto huyu hana himoglobini ya akiba.

Kipimo kipi, na kinasema nini

Siku nyingi hupotea hapa mwanzoni, kwa sababu vipimo ni zaidi ya kimoja na watu huvichanganya. Kile cha bei nafuu, kinachopatikana maabara nyingi za mitaani, huchanganya damu na kemikali inayoiondolea oksijeni, kisha mhudumu hutazama kama chembe zinapinda. Jibu huandikwa chanya au hasi. Chanya ina maana kwamba himoglobini S ipo. Haisemi ni kiasi gani. Mwenye AS, yaani mbebaji aliye mzima, na mwenye SS, yaani mgonjwa, wote husomeka chanya. Wapo watu waliotibiwa miaka kwa ugonjwa wasiokuwa nao, na wapo walioambiwa "ni kidogo tu" wakaenda nyumbani na SS.

Kipimo kinachotoa jibu kamili ni elektroforesisi ya himoglobini, au kile cha mashine kinachoitwa HPLC, ambavyo hutenganisha himoglobini A (ile ya kawaida), S na F (ya mtoto aliye tumboni) na kuandika asilimia ya kila moja. Siku hizi pia kuna vipimo vya kadi vinavyotumia tone la damu na kuonyesha AA (asiye na S kabisa), AS au SS papo hapo. Mtoto mchanga asipimwe kwa kile cha kwanza, maana bado amejaa himoglobini F ya tumboni, ambayo huficha S. Na aliyeongezewa damu asubiri miezi mitatu hadi minne kabla ya elektroforesisi, la sivyo maabara itasoma damu ya aliyemchangia. Karatasi ya majibu itunzwe kama cheti cha kuzaliwa. Kila hospitali mpya itaiomba, na kurudia kipimo ni siku nyingine iliyokwenda.

Hiyo himoglobini F ndiyo inayomfanya mtoto aonekane mzima hadi miezi 6 hivi. Ikishapungua, dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba, mtoto analia ukimgusa vidole. Hapo msichana wa kazi hulaumiwa kwamba amemwangusha. Kuvimba kwa mikono yote miwili, au mikono na miguu pamoja, bila jeraha, kwa mtoto wa umri huo, ni sababu tosha ya kuomba kipimo siku hiyo hiyo.

Kuhusu urithi, kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne za AS, na moja ya AA. Wengi husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani wakishapata mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu upya, kama sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka mara ya mwisho. AS akioana na SS, nafasi ni nusu kwa nusu. AS na AA hawapati mtoto mwenye SS, ila nusu ya watoto wao kwa wastani ni wabebaji.

Kwa hiyo mtoto wa SS amepokea S moja kutoka kila upande. Kile kikao cha ukoo ambapo shangazi husema "kwetu hakuna ugonjwa huo" hakina msingi, kwa sababu mbebaji haugui na ukoo unaweza kupitisha S vizazi vitatu bila mtu kujua. Na ikitokea mzazi mmoja amepimwa akaambiwa hana, kabla nyumba haijavunjika, rudieni kwa elektroforesisi katika maabara nyingine. Makosa ya maabara na kuandika vibaya majina hutokea, na kuna jeni nyingine, kama ile ya talasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambazo zikikutana na S huleta ugonjwa unaofanana.

Kauli ya "kwetu hakuna" ina historia. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za jamii mbalimbali nchini mwaka 1949. Aliona wabebaji walizidi asilimia 20 miongoni mwa watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na hawakufika asilimia 1 katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi wa sababu yake: AS humkinga mtoto dhidi ya malaria, hivyo palipokuwa na mbu, jeni ilidumu. Ramani hiyo bado imo vichwani mwa wakazi wa Nairobi, na inawapotosha. Mji huu umeozesha Siaya na Murang'a, Kilifi na Machakos, na S haisomeki kwenye jina la ukoo.

Kinga hiyo, izingatiwe, ni ya AS peke yake. Mwenye SS malaria humwangusha vibaya kuliko watoto wengine. Mtoto wa Nairobi huwa salama kiasi mwaka mzima, kisha Desemba anapelekwa ushago Busia au Homa Bay bila neti wala dawa. Dawa ya kinga inayotumika sana nchini kwa wagonjwa hawa ni proguanili ya kila siku. Ambaye haitumii daima aianze kabla ya safari na aendelee wiki nne baada ya kurudi.

Usiku wa homa

Bandama, ambayo vitabu vingine huiita wengu, ndiyo inayochuja vijidudu kwenye damu. Kwa mtoto mwenye SS huzibwa na chembe zilizopinda na hudhoofika tangu miaka ya kwanza. Bila chujio hilo, bakteria wa nimonia aitwaye nimokoko huweza kumuua mtoto kwa saa chache, asubuhi mzima, jioni hayupo. Ukuta wa kwanza ni penisilini V mara mbili kwa siku: miligramu 125 kwa aliye chini ya miaka 3, na 250 kuanzia hapo hadi angalau miaka 5. Kidonge cha 250 hukatwa katikati na kusagwa. Jaribio la Marekani lililochapishwa 1986 lilionyesha maambukizi makali ya nimokoko yalipungua kwa asilimia 84 kwa dawa hii ya bei ya chini kabisa.

Inashindwa wapi? Kwenye dozi ya jioni. Mzazi amekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road hadi saa tatu, akifika mtoto amelala, na hakuna anayetaka kumwamsha. Suluhisho si kengele ya simu ya mzazi aliye ndani ya matatu. Dozi ya jioni akabidhiwe anayempakulia mtoto chakula, na isagwe kabla ya sahani kuletwa.

Ukuta wa pili ni chanjo. Ile ya nimokoko ya wiki 6, 10 na 14 imekuwamo katika ratiba ya Kenya tangu 2011. Mwenye selimundu anahitaji nyongeza, chanjo ya aina 23 za nimokoko, akifika miaka 2 na tena miaka 5 baadaye. Hii haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto, hivyo ni lazima kuiulizia kwa jina.

Kuta hizi hupasuka wakati mwingine, na ndiyo maana homa haina mjadala. Nunua kipimajoto, kiganja kinadanganya. Kikisoma 38.5 au zaidi ni dharura, na hospitali nyingine huanzia 38. Mpe parasetamoli ukiwa unavaa viatu, kwa sababu kusubiri kuona kama itashuka ndiko kunakoua. Hospitalini anahitaji kuchukuliwa damu ya kuotesha vijidudu, kipimo cha malaria, na dawa ya kuua bakteria kwa sindano ndani ya saa moja, hata kabla majibu hayajatoka.

Hatari nyingine ya bandama haina homa kila mara. Huweza kunasa damu ghafla, ikavimba, na himoglobini ikaporomoka ndani ya saa kadhaa. Jamaika ilifundisha akina mama kuipima kwa vidole, na vifo vikapungua. Mlaze mtoto chali, magoti yamekunjwa ili tumbo lilegee. Weka vidole chini, karibu na kitovu upande wa kushoto, kisha upande polepole kuelekea mbavu huku ukibonyeza kidogo kila anapovuta pumzi. Ukigusa ukingo mgumu, hesabu ni vidole vingapi kutoka ubavuni, uandike. Fanya hivyo mara moja kwa wiki akiwa mzima, asubuhi na jioni akiumwa. Ikiongezeka ghafla kwa vidole viwili, viganja vikapauka, akawa mlegevu au anapumua mbio, anahitaji damu usiku huo.

Kwenye meza ya mapokezi, sema mambo matatu kwa pumzi moja: ana SS, ana homa, himoglobini yake ya kawaida ni 7. Hiyo namba ya mwisho ndiyo wazazi wengi hawana. Wengi wenye SS huishi kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita. Daktari wa zamu asiyemjua akiona 7.2 huweza kuagiza damu, kumbe ndivyo alivyo kila siku. Na damu isiyohitajika ina deni. Chupa moja ya mtu mzima ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, mwili hutoa 1 au 2 tu kwa siku, hivyo huchukua siku 100 au zaidi kuiondoa chupa moja. Anayeongezewa mara kwa mara chuma humjaa kwenye ini na moyo.

Inapohitajika kweli, hospitali nyingi huomba jamaa wachangie kurudisha akiba. Wazazi hukimbilia kunyoosha mkono, lakini kwa kawaida wao ni AS, na damu ya AS haifai kumwongezea mwenye SS. Afadhali orodha ya wajomba, majirani na watu wa kanisani au msikitini iwe tayari kabla: umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 na kuendelea.

Dawa inayorudisha siku

Haidroksiurea huuamsha mwili utengeneze tena ile himoglobini F ya utotoni. Jaribio lililofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, matokeo yakachapishwa 2019, lilifuata watoto 606. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45, malaria kutoka 47 hadi 23, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Soma namba hizo kama siku za wadi ambazo hazikutokea. Hakuna kingine katika ugonjwa huu kilicho na faida kubwa hivyo kwa bei inayofikirika. Tiba za jeni zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2023 zinauzwa dola milioni 2.2 na milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja.

Dozi ya kuanzia huwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kisha daktari huipandisha taratibu. Mtoto wa kilo 15 kwa kiwango cha 20 anahitaji miligramu 300, na kapsuli nyingi ni za 500. Njia inayotumika ni kuyeyusha kapsuli moja katika mililita 10 za maji, kila mililita ikawa na 50, kisha kumpa mililita 6 kwa sindano isiyo na ncha na kumwaga iliyobaki. Mfamasia aonyeshe hesabu hiyo kwa vitendo, mzazi airudie mbele yake. Mjamzito asiishike bila glovu, na kijana anayefikiria kupata mtoto azungumze na daktari kwanza.

Damu hupimwa takriban kila wiki nne dozi inapopandishwa, kisha kila miezi miwili au mitatu. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita ya damu, au chembe sahani, zile zinazogandisha damu, chini ya 80,000, dawa husimamishwa hadi zipande, si kutupwa milele. Kucha kuwa na rangi nyeusi si hatari. Kosa la kawaida ni kukata tamaa mwezi wa pili. Faida huanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na nyumba nyingi huacha dawa majuma machache kabla ya siku ambayo ingewaonyesha.

Maumivu nyumbani

Kraisisi ya maumivu, kama wazazi wanavyoiita, si zote za hospitali. Isiyo na homa, isiyo ya kifua, na isiyozidi uwezo wa dawa za nyumbani huweza kutulizwa kitandani. Shida ni dozi. Watu hutoa kijiko kimoja cha chai cha parasetamoli kwa kila umri, na kijiko hicho cha mililita 5 kina miligramu 120 tu. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 225, karibu mililita 9, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Aliyepewa nusu ya dozi siku nzima kisha akakimbizwa hospitalini usiku hakushindwa na dawa, hakupewa dawa. Ibuprofeni ni miligramu 10 kwa kila kilo kila baada ya saa 8, akishakula, na isitolewe kwa anayetapika au mwenye tatizo la figo. Mahali panapouma pakandwe kwa kitambaa cha moto, kamwe si barafu. Maji ya kunywa kwa uzito huo ni lita moja na robo kwa siku, kidogo zaidi akiwa na maumivu.

Maumivu ya kifua, kukohoa na kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, kichwa kuuma ghafla kupita kawaida: hayo hayangoji. Kuhusu kiharusi, kipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ina maana hatari ni kubwa na matibabu ya kinga yaanze. Hakipo kila hospitali, ulizia kliniki ya damu katika hospitali ya rufaa.

Ajira, shule na ndoa

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu mshahara, lakini ni za ugonjwa wake mwenyewe. Mzazi wa mgonjwa hula likizo yake ya mwaka, siku 21. Chukulia kliniki ya kila mwezi, siku 12, na kulazwa mara tatu kwa siku tano tano, 15. Tayari ni 27. Hapo ndipo mama huacha kazi, na kwa mfua nguo wa Eastleigh au muuza nguo wa Gikomba hakuna hata hizo 21. Kwa hiyo mtoto akishatulia kwenye dozi yake, omba miadi ya miezi mitatu mitatu na dawa ya kutosha kipindi hicho. Kliniki 12 zinakuwa 4, na siku nane zinarudi nyumbani. Hili halimgharimu mtu chochote.

Bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka kwa pamoja. Kinachowakwamisha watu zaidi ni usajili: mtoto hajaongezwa kama mtegemezi, na hilo hugunduliwa saa nane usiku kwenye dirisha la malipo. Angalia kwenye simu leo, wakati mtoto anacheza.

Shuleni, mwalimu wa darasa aambiwe mambo machache tu, kwa maandishi. Chupa ya maji ya nusu lita ijazwe mara mbili. Aruhusiwe kwenda msalani bila kuomba mara tatu, kwa sababu figo za selimundu haziwezi kukoleza mkojo, hivyo huwa mwingi, na hiyo ndiyo sababu pia hukojoa kitandani akiwa na miaka 10. Bwenini jambo hili humletea kejeli kuliko maumivu yenyewe. Michezo aruhusiwe, apumzike anapotaka, asisimamishwe gwarideni asubuhi ya baridi kama adhabu. Homa akiwa shuleni, mzazi apigiwe simu, asipelekwe kulala chumba cha wagonjwa.

Balehe huchelewa, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili au zaidi, lakini huja yenyewe. Wavulana waambiwe, na mwanamume wanayemheshimu, kuhusu uume kusimama kwa maumivu bila hamu. Ajaribu kukojoa, anywe maji, aoge maji ya moto, atembee. Uume ukikaa muda wa saa mbili bila kulegea, aende hospitali. Ukizidi muda wa saa nne, misuli huanza kuharibika, na wengi hukaa kimya hadi asubuhi kwa aibu.

Kisha, kati ya miaka 13 na 18 kulingana na hospitali, mgonjwa huhamishwa kutoka upande wa watoto. Wauguzi waliomjua kwa jina hawapo tena, faili huachwa nyuma, na kijana mrefu anayeomba mofini huonekana mteja wa dawa za kulevya. Miezi michache kabla ya hapo, mwombe daktari wa watoto aandike ukurasa mmoja wenye aina ya himoglobini, kiwango chake cha kawaida, kundi la damu, dozi ya haidroksiurea, dawa ya maumivu inayomfaa na kiasi chake, mzio, mara alizoongezewa damu, na sahihi na muhuri wake. Nakala moja ibaki kwa mama, nyingine ipigwe picha na ikae kwenye simu ya kijana mwenyewe.